Sabuni Yenye Jina la Mama Mukwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza. Wateja hakuna. Nimeshinda sokoni na sabuni zangu, nimeuza kidogo sana, na kipande kimoja kimerudishwa. Mama aliyekirudisha alisema hakina povu. Nikamwambia povu lake ni la ndani. Hakucheka.

Kando yangu Toussaint anauza kama muntu anayegawa bure. Toussaint! Tulijifunza kupika sabuni kwenye sufuria moja. Yake inaitwa Lucie, jina la nyanya yake. Yangu inaitwa Étoile Prestige Internationale. Jina nililitafuta juma zima. Wamama wanaofika kwa boti kutoka Moba hawawezi kulimaliza, wanaomba tu "ile ya njano". Toussaint naye anawapa ya kwake, maana ni ya njano pia.

Ingekuwa aibu ya soko tu, ningeivumilia. Lakini Jumapili ya tarehe 19 naingizwa ukweni. Bibi yangu Bertille yuko kwa mama yake tangu alipokaribia kujifungua, kama desturi yao inavyotaka kwa muzaliwa wa kwanza. Glody ana miezi miwili sasa. Nimemushika mara moja, hospitali, na muuguzi alikuwa ananihimiza nimurudishe. Hiyo tarehe 19 mama mukwe atapika, mimi nitanawa mikono na kula chakula chake, kisha Bertille na mutoto watarudi nyumbani pamoja nami. Nisipokula, wanabaki. Njo hivyo, ndivyo ilivyo.

Mpaka siku hiyo mimi na mama mukwe hatusemezani, hatuangaliani usoni, na jina lake silitaji kamwe. Hata la marehemu baba mukwe, Kyomba, silitaji, ingawa mutoto amelirithi. Ukweni wanamuita Kyomba. Mimi namuita Glody. (Hapa naandika tu. Kuandika si kutaja.)

Nataka kuingia pale nikiwa muntu mwenye jina. Nimesikia shemeji zangu wananiita mukwe wa ndoo, eti kwa sababu kila wakinikuta nakoroga kitu ndani ya ndoo. Iliniuma.

Jioni nimesoma kwenye simu kwamba anayejifunza lugha mpya anajifunza pia namna ya kujenga jina la bidhaa yake. Sikumaliza kusoma, megabaiti ziliisha. Lakini inatosha. Wateja wa Moba wanasema Kitabwa. Ukweni wanasema Kitabwa. Mimi, muntu wa Kongolo, kesho naanza Kitabwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Mwalimu wangu ni Papa Barnabé, jirani, katekista mustaafu, muzaliwa wa Moba. Namulipa kwa sabuni. Alikibonyeza kipande cha kwanza kwa kidole, kidole kikazama. Aliniangalia, akasema tuanze tu.

Somo la kwanza: kunyamaza! Alinikalisha kwenye kiti kidogo, akaniamuru nisikilize bibi yake na dada ya bibi yake wanavyoongea huku wanasonga bukari. Nisiulize kitu. Nisijibu kitu. Eti mutoto husikiliza mwaka mzima kabla ya kusema "mama", na mimi si mwerevu kuliko mutoto. Nilitaka kubisha. Akanionyesha kidole mdomoni.

Nimerudi nimekasirika, kisha nimeelewa. Somo kwa biashara: sikiliza wateja. Kesho nakwenda bandarini kusikiliza.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimesikiliza. Aibu gani hii!

Nilijificha nyuma ya mifuko ya sementi iliyotoka Kabimba, karibu na pale wamama wa Moba wanaposubiri mizigo yao. Waliongea Kiswahili na Kitabwa vikichanganyika, nikashika nusu. Walikuwa wanabishana juu ya mafuta ya mawese. Mumoja alisema ya siku hizi yote yamechanganywa na maji. Mwingine akasema hapana, muji huu bado una mafuta ya kweli, kama ya Marceline. Wote wakaitika. Ya Marceline, ndiyo. Kipimo chake kinajaa mpaka kinamwagika. Ukisikia ni ya Marceline, beba, usionje.

Marceline! Mama mukwe wangu! Nilishtuka, nikavuta pumzi, vumbi la sementi likaniingia puani. Nikapiga chafya. Mara ya pili. Wamama wakaruka, wakaita mwizi, mumoja akanipiga na kandambili. Nimetoka pale mweupe kama mukate ambao haujaokwa. Nimekatisha soko zima hivyo. Toussaint aliniuliza kwa upole kama nimepata kazi ya ujenzi.

Lakini nimepata jina. Kutoka Moba mpaka hapa wanaliamini hata macho yamefungwa. Na liko ndani ya familia!

Alhamisi, 9 Oktoba

Somo la pili: kurudia. Papa Barnabé anasema neno usipolirudia halikai. Nimerudia salamu ya asubuhi mpaka ulimi ukachoka. Nilimusalimu yeye, bibi yake, dada ya bibi yake, mulango wao na mbuzi wao. Somo kwa biashara: rudia jina kila mahali. Upande wa juu wa sabuni na upande wa chini. Wengine wanapiga muhuri upande mumoja. Ndiyo maana hawaendi mbali.

Kisha nikamuuliza kwa ujanja. Nikasema kuna rafiki yangu, muntu fulani, si mimi, anataka kujua: mukwe akiliandika jina la mama mukwe bila kulitamka, amekosa? Papa Barnabé alikuna kidevu. Akasema kujua lugha si kujua maneno ya kusema tu, ni kujua pia ni nani asiyetakiwa kusema neno gani. Akasema Jumamosi, somo la tatu, litakuwa juu ya majina: nani analitaja la nani, na jina linapatikanaje. Nimuambie huyo rafiki yangu asubiri mpaka hapo.

Nimeandika: kuna maneno ya kutunza. Somo kwa biashara: usimuambie Toussaint.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sikwenda kwenye somo la tatu. Nilikuwa kwa seremala.

Nimefikiri sana na dhamiri yangu imetulia. Mila inakataza mdomo. Haijasema kitu juu ya muhuri. Kwa seremala sikufungua kinywa hata kidogo. Nilimuandikia jina kwenye kipande cha karatasi, nikamuonyesha kwa vidole: moja huku, moja kule. Alifikiri nimekuwa bubu. Aliniombea.

Muhuri ni muzuri kupita kiasi. Herufi zina mikia. Nimemimina sabuni mpya, nimeikata kwa waya, nimepiga Marceline juu, nimegeuza, nimepiga Marceline chini. Sabuni inatakiwa kukauka majuma kadhaa, zaidi wakati wa mvua. Lakini Jumapili ya ukweni inakuja. Itamalizia kukauka mikononi mwa wateja.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ushindi! Ushindi mutupu!

Caleb, anayeuza vocha za simu, ana kipaza sauti. Nilimuandikia la kusema, akatembea nalo sokoni na bandarini. Nanukuu, maneno ni ya kinywa chake: "Marceline! Marceline kwa shati, Marceline kwa sahani, Marceline kwa makwapa! Hakuna pembe ya mwili Marceline asipofika!" Hiyo ya mwisho aliiongeza mwenyewe.

Wamama wa Moba walikuja mbio. Hawakunusa, hawakubonyeza. Walisoma jina, wakabeba. Nilisimama pale nimefunga mdomo, mukwe mwenye adabu, napokea tu.

Toussaint alitamka musemo wake wa siku zote, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wivu. Nilimusalimu kwa Kitabwa.

Bertille amenitumia picha ya mutoto ndani ya beseni, kichwa kimejaa povu kidogo. Aliuliza tu: Jumapili utakuja, ee? Nimeiangalia picha ile muchana kutwa. Ana masikio yangu, maskini.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo kuna jambo lilinichoma kidogo.

Mupakiaji mumoja wa bandarini, jitu la kifua wazi, alipita akanionyesha kidole gumba. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani kwamba asubuhi amejisugua na Marceline kila mahali, na kila mahali ni kila mahali. Watu walicheka. Nami nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Akilini nilimuona mama mukwe, mama yule wa heshima, anayekwenda misa ya kwanza, nikaona na kifua cha yule muntu.

Sasa hivi mji mzima uko bafuni na mama mukwe wangu. Mawee! Nimefanya nini?

Baadaye nimetulia. Wengi hata hawajui kama ni mukwe wangu. Na mimi sijalitaja.

Wamama wawili walirudi wakilalamika kwamba sabuni imeisha kabla ya shati la pili. Nikawaambia ndiyo dalili ya sabuni inayofanya kazi kwa bidii.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mama Emérance amekuja sokoni. Huyu ni shangazi yake Bertille, dada ya marehemu baba mukwe, njo anayebeba maneno kati yangu na mama mukwe. Nilisimama kumupokea. Alinipa habari za Jumapili: nije kabla ya jua kuwa kali, nivae shati jeupe, nisichelewe. Alisema mama mukwe amenunua kuku mwenyewe na ameagiza samaki, mikebuka wabichi. Kisha macho yake yakatua kwenye meza yangu. Akachukua kipande kimoja. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

Aliuliza neno moja tu, kama imekauka. Nikasema kabisa. Akakinunua, akakifunga kwenye kona ya kitenge chake, akaondoka bila kucheka wala kununa.

Nimefurahi. Ananiunga mukono. Hata hivyo jioni sikuweza kumeza bukari.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandika kwa sababu siwezi kumuambia muntu.

Nilifika kwa wakati. Shati jeupe, kitenge kipya cha kumupa mama mukwe nimekikabidhi kwa Mama Emérance, kila kitu kama inavyotakiwa. Walinikalisha kwenye mukeka uani. Wajomba wa Bertille upande huu, wamama upande ule. Mama mukwe alikuwa mulangoni mwa jikoni, amenipa mugongo, kama adabu inavyotaka. Harufu ya mikebuka ndani ya mawese ilinifikia. Kutoka ndani nilisikia Glody analia kidogo, kisha Bertille anamubembeleza. Nikajisemea, leo usiku huyu analala kwangu.

Princesse, mudogo wake Bertille, akaleta beseni na birika la maji ili ninawe. Mama Emérance akaleta sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Akakifunua.

Marceline.

Kipande changu. Herufi zenye mikia, zikiangalia juu. Princesse alishika birika hewani, anangoja. Nilielewa yote kwa mara moja. Nikinawa, nasugua jina la mama mukwe kwa vidole vyangu mbele ya ukoo wake. Nisiponawa, sili. Nisipokula, bibi na mutoto wanabaki.

Nikapata akili. Nikaigeuza sabuni. Marceline! Pande zote mbili! Muntu gani ana akili ya kupiga muhuri pande mbili?

Nikanyosha mikono ninawe kwa maji matupu. Mama Emérance alisema polepole kwamba mukwe hanawi maji matupu kama muntu anayekimbia. Nikajaribu kuishika kwa kingo, vidole viwili tu, bila kugusa herufi. Ikateleza. Ikaanguka kwenye muchanga. Jina la mama mukwe chini, kwenye udongo! Nikaiokota kwa haraka, nikaibana, na ile sabuni ambayo haijakauka ikaminyika kati ya vidole vyangu kama bukari. Nilipofungua kiganja, hapakuwa na sabuni tena. Palikuwa na uji wa njano, na M moja kwenye kidole gumba.

Mujomba mumoja alitazama pembeni. Afadhali angecheka.

Ndipo mama mukwe akasema. Hakugeuka. Alisema na Mama Emérance, kwa Kitabwa, taratibu, na mimi nilielewa kila neno kabla halijatafsiriwa. Sentensi yangu ya kwanza nzima ya Kitabwa. Ningependa ingekuwa nyingine.

"Muambie mukwe: jina langu nililipata kwa kujaza kipimo, siku kwa siku. Yeye amelibandika juu ya kitu ambacho hata hakijakauka. Atarudi siku atakapokuwa na sabuni ngumu na jina lake mwenyewe. Siku hiyo nitapika."

Wakafunika chakula. Sikula hata mufupa.

Bertille alinisindikiza mpaka njiani na mutoto. Hakunigombeza. Aliuliza kwa nini. Nikasema nilitaka wanione muntu. Akasema yeye alikuwa ameniona tayari, tangu zamani, na ndoo yangu. Halafu akanipa Glody nimushike. Mutoto aliunusa mukono wangu, akapiga chafya, akanikazia macho. Niliona haya mbele ya mutoto wa miezi miwili. Nikamurudisha kwa mama yake, nikaondoka. Nililia njiani, watu wanatoka misa ya pili wananiangalia, na nikajifuta machozi kwa mukono wenye sabuni. Iliwasha mpaka nyumbani.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikwenda sokoni. Nimeuchoma muhuri kwenye mbabula, juu ya makaa. Herufi zenye mikia ziliungua vizuri.

Papa Barnabé amekuja. Habari zilikuwa zimemufikia, bila shaka zimefika Moba pia. Hakunicheka. Alisema somo la tatu bado liko, nije Jumamosi, ni lile lile nililolikimbia. Alisema lugha nayo ni hivyo: muntu hukaa kwanza na watu, anakosea, anachekwa, anarekebishwa, mpaka siku moja wanamuita mwenyeji. Jina hawezi kujipa. Na sabuni, akasema, iache juu ya ubao ikauke mpaka kidole kisizame.

Nimemushukuru kwa moyo. Kila neno ni la kweli. Nimeyaandika yote na kuyapigia mustari.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeamka nimepona. Nimeelewa kosa langu lote, mwanzo mpaka mwisho.

Mama mukwe alisema: jina lake mwenyewe. Sasa jina langu mwenyewe njo lipi? Prospère? Nani anamujua Prospère? Hapa mutaani muntu anaitwa kwa jina la mutoto wake. Mimi ni Papa Glody. Kwa hiyo jina la mutoto ni jina langu. Na mutoto kwao anaitwa nani? Kyomba! Kyomba, ambalo wavuvi wote wa Moba wanalikumbuka, maana babu yake hakuwahi kumudanganya muntu kwenye kuuza samaki. Jina la kuaminika, la ukoo, na ni langu kabisa kupitia mutoto. Hata nikilitaja, namutaja mutoto wangu tu. Na marehemu hawezi kuniletea beseni.

Kukauka nako nimekufikiria. Nitazipanga sabuni kuzunguka mbabula, moto kidogo, zitakuwa ngumu kabla ya Jumapili. Papa Barnabé nimemutumia salamu kwamba Jumamosi sitaweza, nina kazi. Jumapili naingia ukweni, nanawa, nakula, narudi na bibi na mutoto.

Asubuhi hii nimekwenda kwa seremala. Alifurahi kusikia kwamba nimeanza kusema tena. Nimemupa jina. Akauliza kama achonge wa upande mumoja tu safari hii. Nimemwambia hapana, zote mbili.